Ramani Mpya Ndani ya Kitabu cha 1874

Kifurushi kilinifikia Jumatano mchana, kimefungwa kwa uangalifu kuliko vyote nilivyowahi kupokea: boksi ndani ya boksi, karatasi laini isiyochapwa kitu, na kila juzuu imeviringishwa peke yake. Nilinawa mikono, nikaikausha mpaka kwenye kucha, nikatandaza taulo safi mezani. Kitabu hiki nimekitafuta kwa miaka 11. Mara mbili kilinipita mnadani, bei ikapanda mpaka nikashindwa kuifuata.

Ni The Last Journals of David Livingstone, shajara za mwisho za yule mmisionari Mskoti aliyezunguka Afrika, toleo la kwanza, juzuu mbili, mchapishaji John Murray wa London, 1874. Nimekinunua kwa pauni 290 bila nauli ya posta, kwa muuza vitabu vya kale wa Uingereza ambaye simtaji jina kwa kuwa tumeshamalizana. Yaliyotokea lakini nitayaeleza yote, maana wako wenzangu wanaoanza kukusanya shajara za wasafiri wapelelezi wa nchi wa karne ya 19, na wananunua kama nilivyonunua mimi: kwa picha tano na maelezo ya mistari sita.

Maelezo yenyewe yalisema ni toleo la kwanza, jalada la awali la kitambaa, picha zote zipo, ramani zipo, madoa machache. Kila neno hapo nilikuja kulipima baadaye. Moja halikuwa kweli.

Mimi ni mpima ardhi mstaafu. Kwa miaka 32 nimeshika ramani kila siku ya kazi, za karatasi, za kitambaa, za plastiki, nyingine zimelowa, nyingine zimeliwa na mchwa. Mtu mwingine angefungua kitabu hiki aanze na picha ya mwandishi. Mimi nilianza na mfuko.

Vitabu vingi vya safari vya enzi zile vina ramani kubwa ya kukunjwa ambayo haikushonwa pamoja na kurasa. Inakaa kwenye mfuko uliogandishwa ndani ya jalada, na ndiyo hupotea kwanza. Msomaji wa zamani aliitoa ili aitandaze pembeni huku anasoma, wageni wakaja, ramani ikabaki chini ya magazeti, kitabu kikarudi kabatini peke yake. Ndiyo maana mkono wangu huingia mfukoni kabla macho hayajasoma neno.

Niliivuta kwa vidole viwili. Ikatoka kirahisi mno. Karatasi iliyokaa mfukoni miaka 150 huwa imeshaushika mfuko, kingo zake zimekuwa na rangi nyingine, na inahitaji kubembelezwa. Nikaifungua mkunjo baada ya mkunjo chini ya taa. Mikunjo ilikuwa myeupe, imenyooka. Kwenye ramani ya kweli ya umri huo, pale mikunjo miwili inapokutana hapakosi tundu dogo, au mpasuko, au kiraka cha kitambaa alichobandika mtu kwa nyuma. Hapa palikuwa safi. Nikaileta puani, haikunuka kitu, wakati kitabu chenyewe kina ile harufu ya karatasi kuukuu, kama ghala lililokaa limefungwa. Nikachukua lenzi yangu ya kazini, ile inayokuza mara 10, nikailaza juu ya mstari wa pwani.

Mstari ukasambaratika. Ulikuwa ni vitone: vya bluu, vya pinki, vya njano, vyeusi, vimemwagika kama mchanga wa rangi. Kwenye ramani iliyochapwa enzi zile, ukiukuza mstari unaona wino mmoja ulioshikana, na kama kuna rangi imelala juu yake kama maji yaliyopakwa kwa brashi, mahali pengine imevuka mpaka kidogo. Vitone vya rangi nne vimetoka kwenye printa. Kuna mtu alipata picha ya ramani ile, akaichapa, akaikunja, akaitia mfukoni.

Mke wangu alinikuta nimekaa kimya akaniuliza kuna nini. Nikamwambia ramani ni bandia. Akasema, "Na kitabu je?" Lile swali ndilo lililoniokoa na barua ya hasira ambayo nilishaanza kuitunga kichwani. Nikaamua kukikagua chote kwanza, na kazi hiyo ilichukua siku mbili.

Ukaguzi wenyewe hauna siri, unahitaji subira tu. Mwanzoni mwa kila juzuu kuna orodha ya picha na ukurasa ambao kila picha inapaswa kuutazama. Unakaa na penseli na kipande cha karatasi, unakwenda picha moja moja, na kila ukifika unaangalia kama mahali pake pana picha au pana kisiki chembamba cha karatasi iliyokatwa kwa wembe. Picha za vitabu hivi zimekatwa sana ili ziuzwe moja moja kwenye fremu. Kisha unatazama ukurasa wa jina wa juzuu zote mbili, maana zipo jozi za kuoanishwa, juzuu moja ya toleo hili na nyingine ya baadaye, zimepakwa rangi ya kufanana ili zikae pamoja. Yangu zote ni za 1874. Ni vizuri kujua pia kwamba Harper & Brothers wa New York walikitoa kitabu hicho 1875 kikiwa juzuu moja, na nimeona mtu akikiuza kama toleo la kwanza. Ni la kwanza la Marekani, jambo ambalo ni heshima yake, lakini hicho ni kitu kingine.

Picha zangu zote zipo. Nilizihesabu mara tatu. Jalada ni kitambaa chake cha awali, rangi ya kahawia iliyopauka mgongoni kwa kupigwa na mwanga, pembe zimechakaa, na maungio ya juzuu ya pili yamelegea kiasi kwamba ukifungua unaona nyuzi. Madoa ya ukungu yapo, madogo ya rangi ya kutu, mengi karibu na picha, kama alivyosema. Mmiliki wa kwanza ameandika jina lake na mwaka 1875 kwa wino uliogeuka rangi ya chai. Hakuna mhuri wa maktaba. Hakuna selotepu, na namshukuru Mungu kwa hilo, maana selotepu ya zamani hukausha gundi yake ndani ya karatasi na lile doa la manjano halitoki tena. Kwa kitabu cha umri huu, ukiondoa ramani, hii ni nakala nzuri ya kawaida, ya mtu aliyekisoma kweli.

Na kusomwa ndiko kunakonigusa. Wakusanyaji wengine wanapenda kitabu ambacho hakijafunguliwa. Mimi napenda hiki, kwa sababu ya njia ambayo maneno yake yalipita kufika London.

Livingstone alipoishiwa karatasi huko Manyema, mashariki ya Kongo ya leo, alishona magazeti ya zamani pamoja akaandika juu ya maandishi yaliyochapwa, kwa wino aliokamua kwenye mti. Horace Waller, rafiki yake aliyeihariri shajara hii, anayaeleza hayo mwanzoni kabisa mwa kitabu, na anasema wazi kazi ya kuyasoma ilivyokuwa. (Mwaka 2011 wataalamu waliyamulika magazeti yale kwa mwanga maalumu wakaona maandishi ambayo macho yalikuwa hayaoni tena, na wakaona pia kwamba yaliyochapwa kuhusu mauaji ya watu sokoni Nyangwe, huko huko Manyema, ya Julai 1871 hayalingani yote na aliyoyaandika papo hapo.) Sehemu moja ya shajara ilitoka na Stanley, mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta, mwaka 1872, imefungwa kwa lakiri. Iliyobaki ilitoka mabegani mwa watu.

Maandishi yake ya mwisho ni ya tarehe 27 Aprili 1873: amechoka kabisa, anabaki apate nafuu, ametuma watu wakanunue mbuzi wa maziwa, wako ukingoni mwa mto Molilamo. Akafa siku chache baadaye kijijini kwa chifu Chitambo, Zambia ya leo. Hapo kitabu kinabadilika sauti. Anayesimulia sasa ni Waller, lakini anaandika aliyoambiwa na Abdullah Susi na James Chuma, watumishi wa Livingstone wa miaka mingi, waliofikishwa Uingereza mwaka 1874, wakakaa naye, wakamfafanulia majina ya mahali na mito na siku. Kurasa zile za mwisho za juzuu ya pili ni ushahidi wao, na katika toleo hili ndipo ulipochapwa ndani ya kitabu kwa mara ya kwanza. Wanaeleza walivyouzika moyo wake chini ya mti ambao kitabu kinauita mvula, Jacob Wainwright, mmoja wa watu wa msafara, akachonga maandishi kwenye shina. Wanaeleza walivyoukausha mwili juani kwa siku 14, wakauviringisha kwa kitambaa, wakautia ndani ya gome la mti, wakashona turubai juu yake na kuufunga kwenye mti wa kubebea. Kisha wakaondoka kuelekea pwani, miezi tisa, zaidi ya kilomita 1,500 kwa miguu.

Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, Cameron, ofisa Mwingereza aliyetumwa kumtafuta Livingstone, aliwashauri wauzike hapo hapo. Wakakataa. Mbele kidogo, Kasekera, wenyeji hawakutaka maiti ipite nchini mwao. Basi wakachukua mabua ya mtama, wakayakata urefu wa mtu, wakayavika kitambaa mpaka yakawa kama maiti, wakatoa watu sita wayabebe kurudi Unyanyembe kama kwamba wanakwenda kuzika. Mwili wa kweli wakaufunga upya uonekane robota la kawaida la nguo. Wale sita walipofika porini wakayatupa mabua kidogo kidogo, wakawafuata wenzao. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi katika matoleo ya bei nafuu, lakini kuisoma kwenye karatasi iliyochapwa mwaka ule ule ambao Susi na Chuma walikuwa wamekaa chumba kimoja na mhariri ni jambo jingine kwangu. Nilisimama nikatembea chumbani.

Kuna jingine ambalo sisi tunaozungumza Kiswahili tunalipata bila gharama. Vitabu hivi vimejaa maneno yetu yaliyoandikwa na watu wasiojua tahajia yake, na mara nyingi tunaelewa kuliko mwandishi mwenyewe. Livingstone anaeleza kirefu ugonjwa wa watu kula udongo, anaandika kwamba unaitwa safura. Msomaji wa Uingereza aliliona kuwa neno la ajabu. Mimi nilimsikia bibi yangu akilitamka kwa mtoto aliyepauka viganja. Halima, mpishi wa msafara, Livingstone anamsifu sana na anaandika kwamba atamwacha huru, amnunulie nyumba na shamba Unguja watakapofika. Hawakufika pamoja wakiwa hai. Majina haya, Halima, Amoda mumewe, Susi, Chuma, sikuyakuta kwenye mgongo wa kitabu wala kwenye tangazo la muuzaji. Yapo ndani, na mwenye kukusanya shajara hizi bila kuyatafuta amenunua jalada.

Mjukuu wangu wa miaka minane alikuja wakati natazama picha za juzuu ya pili. Ipo moja ya Susi amembeba Livingstone begani wanavuka maji, mkondo umemfika Susi mdomoni. Mtoto akaniuliza, "Babu, huyu anayetaka kuzama ni nani?"

"Anaitwa Susi."

"Na huyu wa juu?"

"Ndiye mwenye kitabu."

Aliitazama muda mrefu, kisha akataka kujua kama Susi alivuka. Nikamfungulia picha nyingine, ile ya Chuma na Susi iliyotokana na fotografia iliyopigwa na Maull & Co., ambapo wanaonekana wazima. Alitosheka.

Turudi kwa muuzaji. Siku ya tatu nilimwandikia, kwa adabu, mistari minne. Nikamweleza kwamba ramani ya mfukoni si ya 1874 na nikauliza kama alikuwa anajua. Akajibu siku hiyo hiyo kwamba ramani ni ya awali, imehifadhiwa vizuri tu, na kwamba wateja mara nyingi hushangaa wakiona kitu cha kale kikiwa safi. Jibu lile liliniuma kuliko ramani. Nikapiga picha tatu kupitia lenzi: mstari wa pwani, herufi za jina la ziwa, na kona ya karatasi. Vitone vinaonekana kama mchele. Nikazituma bila maneno mengi.

Kimya siku nne. Kisha akaandika kwamba aliinunua jozi hiyo mnadani ramani ikiwa tayari mfukoni, hakuifungua, na kwamba nina hiari ya kurudisha kitabu chote au kubaki nacho nirudishiwe pauni 90. Fedha zilirudi baada ya wiki moja, kamili.

Nimelitafakari hili sana ili nisimdhulumu. Naamini hakuichapa yeye. Naamini hata aliyeichapa huenda hakuwa tapeli. Huenda ni msomaji aliyetaka kufuata safari na mfuko wake ulikuwa mtupu. Kuweka nakala ya ramani ndani ya kitabu kisicho na ramani si kosa hata kidogo, mradi iandikwe. Lakini muuza vitabu akiandika "ramani zipo" ameniambia kwamba ametia mkono, ameitoa, ameifungua, ameitazama. Hiyo ndiyo kazi ninayomlipa. Kitabu ningeweza kukinunua mnadani mwenyewe. Kwake nimenunua macho yake. Na macho hayakutumika.

Mwezi mmoja baadaye nikaona ametangaza kitabu kingine cha safari, chenye mfuko vilevile, kwa maneno yale yale: ramani zipo. Nikamwomba picha ya ramani ikiwa imefunguliwa, mbele na nyuma. Hakujibu. Hapo ndipo nilipojua sitanunua kwake tena, japo anafunga vifurushi vizuri na anarudisha fedha bila ugomvi.

Sasa hivi kabla sijalipa naomba mambo machache na muuzaji mwenye haya huyatoa siku hiyo hiyo. Ramani zote zikiwa wazi juu ya meza, na nyuma yake. Kurasa za jina za kila juzuu. Kitabu kikiwa kimefunguliwa nusu ili nione maungio. Na naomba aniandikie yeye mwenyewe, kwa sentensi yake, kwamba amehesabu picha akalinganisha na orodha. Hilo la mwisho linatosha kunionyesha nani ni nani. Mwenye kujua kazi yake anafurahi kuulizwa. Anayeuza kwa kukadiria anaanza kuniambia kuna mteja mwingine anasubiri.

Pia ningemshauri mtu anayeanza asichanganye toleo la kwanza na uhaba. Missionary Travels cha Livingstone, 1857, kilitoka kwa Murray huyo huyo, nakala 12,000 za mwanzo zikaagizwa zote kabla hata ya kufika madukani, na makumi ya maelfu yakafuata. Zipo tele mpaka leo. Ukikutana na anayekuambia ni adimu kwa sababu ni cha 1857, mwache aseme, wewe tafuta nakala safi ya bei ya wastani. Haraka haina baraka. The Lake Regions of Central Africa cha Burton, mpelelezi Mwingereza, 1860, juzuu mbili zenye picha 12 za rangi, hicho ndicho kinachotoa jasho, na bei yake ni mara kadhaa ya hiki changu. Nilishawahi kukishika mara moja tu, dakika kumi, na picha mbili zilikuwa zimekatwa. First Footsteps in East Africa, 1856, cha Burton vilevile, kina nyongeza ya nne iliyoandikwa kwa Kilatini ambayo mchapishaji aliiondoa kabla ya kuuza. Nakala zilizobaki nayo ni chache mno, na kama utaziona zinauzwa bila kishindo basi kagua mara mbili. Journal of the Discovery of the Source of the Nile cha Speke, aliyewahi kusafiri na Burton, mchapishaji Blackwood, 1863, nacho kina ramani kwenye mfuko wa nyuma. Hicho ninacho, ramani yake ni ya kweli, ina viraka vitatu na imechanika kwenye kona, na ndani kuna mchoro wa watu wake waliofika naye Cairo, wamekaa wanatazama kamera. Kuwa na ramani ile yenye viraka ndiko kulikonisaidia kuitambua hii isiyo na kovu.

Kama utapata jozi ya Last Journals isiyo na ramani, kwa bei inayokiri kwamba haina, ichukue. Sisemi hivyo kujifariji. Maneno yote yamo, picha zote zimo, na ramani za pekee huja mnadani mara moja moja, zimeng'olewa kwenye jozi zilizooza. Kwa pauni 200 nilizobaki nimelipa, sikioni kitabu hiki kuwa ghali. Kilichokuwa ghali ni zile 90 za kitu ambacho hakikuwapo.

Maungio ya juzuu ya pili nimempelekea fundi wa majalada ninayemwamini. Nilimwomba asibadilishe kitu, aimarishe tu. Alitumia gundi ya wanga wa ngano na karatasi nyembamba ya Kijapani, vitu ambavyo mtu wa baadaye anaweza kuviondoa kwa unyevu kidogo bila kuumiza kitambaa. Ilichukua wiki mbili, na nilipokipata sikuweza kuona alipogusa mpaka aliponionyesha. Alipenda kubaki na kitabu usiku mmoja zaidi ili asome mwisho wake, nikamwachia.

Sasa kimekaa kabatini kimesimama wima, si kwa kubanwa, mbali na ukuta wa nje unaotoa unyevu. Ramani ile ya printa sikuitupa. Inasomeka vizuri, na mjukuu wangu huitandaza sakafuni tufuate njia kutoka kwa Chitambo mpaka Bagamoyo kwa kidole, bila hofu ya kuichana. Tukimaliza naikunja, naiweka kwenye bahasha yake, nje ya mfuko. Nyuma yake, kona ya chini, nimeandika kwa penseli laini: nakala ya kisasa, si ya 1874. Mfuko wa kitabu uko mtupu, na kwenye shajara yangu ya vitabu nimeandika hivyo hivyo, pamoja na vipimo vya mfuko kwa milimita, ili siku ramani ya kweli ikitokea peke yake mnadani nijue kama itaingia.